Sodo za kitambaa na maji ya kisima

SWALI: Binti yangu ana miaka 13 na hutumia sodo za kitambaa. Huzifua kwa maji ya kisima, kisha kwa kuona haya huzianika chumbani, nyuma ya mlango. Sasa zimekuwa ngumu, zina uvundo, na mapaja yamemchubuka. Nimezifukiza udi, wapi! Nizitupe? – Mama, Kisauni

JIBU: Bado, mama. Kinachoziharibu ni chumvi na kivuli. Sabuni ya mche haitoi povu vizuri kwenye maji ya kisima chenye chumvi. Huacha utando unaokakamaza kitambaa, na ndio unaomchubua. Tena chumvi iliyobaki hufyonza unyevu wa hewa, basi sodo iliyokauka mchana usiku hurudi kinyevunyevu, kuvu wakapata makao.

Azisuuze mara tu azivuapo, kwa maji yasiyo moto, mpaka yatoke meupe. Maji moto huigandisha damu kwenye nyuzi kama yai kikaangoni. Asiziroweke usiku kucha. Kwa joto la Mombasa maji yale huvunda. Atumie sabuni ya unga, kijiko 1 cha chai kwa beseni. Maji ya kisima yatafaa kufulia, ila suuzo la mwisho liwe la maji matamu, lita 3 au 4 kutoka mtungi wa muuza maji, au ya mvua. Dawa ya kung'arisha nguo hula kitambaa, aiache. Doa lililobaki si uchafu.

Haya zake tumezielewa: afunge kamba 2 sambamba, leso upande wa njia, sodo upande wa ndani, jua la saa sita lizipige na azigeuze. Kiini hukauka mwisho. Akikibana kwa vidole akahisi ubaridi, bado. Udi tuuachie nguo za harusi, hapa unafunika harufu tu.

Awe nazo 6 hivi, abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6. Michubuko aioshe kwa maji matupu, bila dawa ya kuulia viini. Isipopona kwa siku chache, au akiwashwa na kutokwa uchafu wenye harufu, mpeleke kliniki.

Kama yuko shule ya umma, marekebisho ya sheria ya elimu ya 2017 yanaitaka serikali impe sodo bila malipo. Mwulizieni mwalimu. Hizo aziweke za masika, siku ambazo hata leso haikauki.