Maswali ya Ujenzi: Kifusi cha nyumba ya zamani

SWALI: Tumebomoa nyumba ya zamani ili tujenge mpya palepale. Fundi anataka kifusi chote kijazwe ndani ya msingi, kisha jamvi, yaani zege la sakafu, limwagwe juu yake. Jirani anasema sakafu itatitia. Tumsikilize nani?
Msomaji, Tegeta, Dar es Salaam

JIBU: Kitumieni, ila si chote. Vipande vya zege, mawe, matofali ya saruji na yale ya kuchoma yaliyoiva vizuri hujazia vizuri kuliko udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa havivimbi vikilowa wala kunywea vikikauka. Ubaya uko katika vilivyochanganyika navyo. Mbao na mizizi huoza, huacha uwazi na huita mchwa. Matofali mabichi ya udongo yakipata unyevu hurudi kuwa tope. Jipsamu ya dari nayo msiiache humo hata kidogo: ina salfeti, na ikilowa hushambulia saruji ya jamvi kutoka chini, zege likavimba na kupasuka. Vipande vya bati la asbesto msivivunje kabisa. Vilowesheni, vifungeni kwenye nailoni nene, mkaulize ofisi ya mazingira ya halmashauri pa kuvipeleka. Vumbi lake ni la kuua.

Baada ya kuchambua, shikeni nyundo. Kipande kisizidi ukubwa wa ngumi. Bonge kubwa la zege likiegemea jingine huacha pango ambalo mashine haifiki. Baadaye maji huteremsha chengachenga ndani yake, na jamvi linabaki halina kitu chini. Ndiyo ile sakafu ambayo ukiigonga kwa fimbo hulia kama mtungi mtupu.

Mwageni tabaka la sm 15, nyunyizeni maji hadi lilowe bila kutuama, pitisheni mashine ya kushindilia mpaka lisishuke tena, ndipo mmwage jingine. Kwa kishindilio cha mkono, tabaka liwe sm 10. Wengi hujaza sm 50 kwa mkupuo mmoja wakashindilia juu tu. Panaonekana pagumu, kumbe nguvu ya mashine iliishia kwenye tabaka la juu na chini bado ni kifusi kilicholegea. Simamieni hasa kona na kandokando ya kuta. Hapo mashine hupita kwa shida, fundi huruka, na ndipo ufa unaofuata ukuta huanzia. Vilevile ukuta wa msingi uwe umekomaa, na nje pafukiwe sambamba na ndani, la sivyo mtausukuma utoke nje.

Mwisho funikeni ncha kali kwa mchanga wa sm 5, pigeni dawa ya mchwa, tandikeni nailoni yenye unene wa geji 1000 ikipishana sm 30 kwenye maungio, kisha zege la sm 10. Mkiruka mchanga, nailoni itatobolewa na vipande vikali na unyevu utapanda sakafuni.

SWALI: Chumba cha mita 4 kwa 3 kinataka kujazwa sm 60. Niandae kifusi kiasi gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: 4 × 3 × 0.6 ni mita za ujazo 7.2. Kikishindiliwa hupungua, kwa hiyo ongeza robo: 9. Kwa toroli la lita 60 ni safari 150. Ukikosa cha kutosha na ukaagiza lori, mweleze dereva wazi unataka mawe, moramu (udongo wa changarawe) au mabaki ya kubomoa, maana kwa wengi wao kifusi ni udongo wowote wa kujazia. Kikague kabla hakijamwagwa. Ukiona udongo mweusi unaonata, mrudishe.

SWALI: Zege la zamani nikilivunjavunja linaweza kuwa kokoto za nguzo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana kwa nguzo, mkanda wa zege unaozunguka kuta wala boriti. Kokoto hizo zimeshikwa na saruji ya zamani yenye vitundu inayofyonza maji. Fundi ataona zege kavu, ataongeza maji, na nguvu itashuka. Pia huwezi kujua lile la awali lilichanganywa vipi. Zitumie kwenye njia ya miguu au zege la chini ya msingi. Zichekeche kwanza kuondoa vumbi la lipu, zilowekwe usiku kucha, na zitolewe maji kabla ya kuchanganya.