Jibu: "Drake Lake" ni ziwa gani?

Salaam ndugu. Nimekuelewa: unatafsiri daftari la baharia aliyekwenda Antaktika, kaandika walipata "Drake Lake" wakienda na "Drake Shake" wakirudi, na kwenye ramani huoni ziwa lolote.

Usilitafute. Ni bahari ileile, Mlango wa Drake, kati ya Cape Horn, kwenye ncha ya kusini ya Amerika Kusini, na visiwa vya South Shetland karibu na Antaktika, upana wake kama kilomita 800. Ikilala huitwa ziwa, ikichafuka huitwa mtikisiko. Mimi ningeandika "shwari ya Drake" na "msukosuko wa Drake". Maneno ya bahari tunayo, tuyatumie.

Kwanza kabisa angalia latitudo ya siku hiyo. Akitaja "arobaini zinazonguruma", "hamsini zenye ghadhabu" au "sitini zinazopiga mayowe", hizo ni nyuzi za latitudo kusini mwa ikweta (40, 50 na 60) na anazungumzia upepo. Huko nchi kavu ya kuuzuia ni kidogo mno, basi unaizunguka dunia.

Neno la kuwa nalo makini ni "growler". Si mnyama, ni kipande cha barafu kinachochungulia chini ya mita 1 juu ya maji. Nimewahi kushika zamu ya kuangaza mbele usiku, vidole vimekufa ganzi, na hofu yangu haikuwa mlima wa barafu, maana huo rada huuona. Ilikuwa hicho kipande: wimbi linapanda, kinapotea, linashuka, unakiona kinang'aa cheusi kama kioo, kiko karibu tayari.