Dada wa Pasua, weka hiyo raba chini

Dada, simama hapo hapo.

Umeandika una watoto 18 wa miaka sita hadi kumi, unawafundisha kuchora katuni kila Jumamosi hapo Pasua, Moshi. Umeuliza ununue penseli gani, utoze ada kiasi gani, kibali unakiombea wapi. Halafu katikati ukachomeka kasentensi kadogo: "Mwezi wa 12 nafanya maonyesho kwa wazazi, kabla ya hapo nitapitia michoro yao niinyooshe kidogo."

Wadau wote waliokujibu huko juu wamekimbilia penseli. Mimi hako kasentensi ndo kamenitoa kitandani saa tano usiku. Usiinyooshe. Hata kidogo. Hata kucha.

Mimi niko Arusha, Kijenge. Miaka minne iliyopita nilikuwa wewe kabisa, ila nilikuwa na watoto 26 na kiburi kingi zaidi. Kabla sijaanza nililipa 60,000 kwenye semina ya siku mbili ya "ujasiriamali wa vipaji vya watoto". Mkufunzi alivaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, hiyo peke yake ingetosha kunishtua. Akatuambia mzazi halipii mtoto kujifunza, analipia kitu cha kuning'iniza sebuleni, kwa hiyo mwalimu mwenye akili "anamalizia" kazi ya mtoto usiku kabla ya maonyesho. Tukapiga makofi. Mimi niliandika kwenye daftari na kupigia mstari mara mbili. Siku hizi namwona anauza semina ya ufugaji wa kware, sijui na kware anawamalizia usiku. Cheti chake kilikuwa kigumu kizuri, kinafunika ndoo yangu ya maji mpaka leo.

Basi, wiki ya maonyesho nikakaa na michoro 26, raba mpya na kalamu nyeusi. Naomba nikueleze mmoja tu.

Ulikuwa wa chalii wa miaka saba. Kachora Hiace. Matairi matatu upande mmoja, abiria wote wanaonekana ubavuni kana kwamba bati ni kioo, na mlangoni ananing'inia konda mkubwa kuliko gari lenyewe. Mkono mmoja kashika mlango, mwingine una noti zilizokunjwa kwa urefu, zimebanwa katikati ya vidole. Zile noti alizichora moja moja, dada. Penseli ilibonyezwa mpaka karatasi ikawa na mifereji kwa nyuma.

Mimi mtaalamu nikachukua raba. Tairi moja nikalifuta. Abiria nikawafunika kwa rangi. Konda nikaona anaharibu uwiano, nikamfuta mzima mzima, nikamwekea mlango umefungwa vizuri kama gari la ubalozi. Nikajimiminia chai kwa kujipongeza.

Siku ikafika. Watoto wamevaa za sikukuu, wazazi wanapiga picha, mimi nimevaa koti. Akaja baba yake yule chalii, konda kweli wa njia ya Sakina, katoka kazini na shati la kazi, kaacha gari kwa mwenzake kwa nusu saa. Kumbe mtoto alishamtangazia nyumbani: baba, nimekuchora. Mzee kasimama mbele ya fremu. Kainama. Kasogeza pua. Kachungulia hadi nyuma ya fremu. Kisha kwa adabu kabisa:

"Samahani mwalimu, mimi niko wapi?"

Nikiwa natafuta jibu, mtoto akanisaidia: "Mwalimu alikufuta."

Nakwambia ukumbi ulipoa. Hapo ndo na wengine wakapata midomo. Binti mmoja akaonyesha wa kwake, "haya macho siyo yangu." Mwingine akawa anamtafuta mbwa wake aliyekuwa na miguu sita, wangu ana minne. Mama mmoja akaniuliza mbele ya watu: "Kwa hiyo ile elfu kumi na tano ya kila mwezi tulikuwa tunalipia michoro yako wewe?" Nilicheka. Ndo kitu pekee mwili wangu uliweza kufanya.

Hesabu nakuwekea, maana wengine hamsikii mpaka muone hela. Ukumbi 120,000. Fremu 26 kwa 9,000 ni 234,000. Viti na spika 70,000. Soda na maandazi 61,000. Jumla 485,000 kumfurahisha yule mkufunzi wa miwani. Mwezi uliofuata nilibaki na watoto saba. Kumi na tisa waliondoka, piga mara 15,000, hiyo ni 285,000 kila mwezi inatembea kwa miguu yake kwenda nyumbani kwao.

Lakini hela ilirudi. Waliobaki ndo walinitesa. Kila mtoto akichora kidogo ananiletea karatasi: "Mwalimu, nimalizie." Walishajua cha kwao hakitoshi mpaka mkono wangu upite. Mmoja wa miaka tisa akaacha kabisa kushika penseli, akawa anakuja kukaa tu na kuchonga za wenzake. Na huo ndo umri mbaya, miaka tisa, kumi hivi. Mtoto wa miaka minne anachora kichwa kinachoota miguu na anakwambia huyo ni bibi, hana wasiwasi. Akifika tisa anaanza kulinganisha mchoro wake na kitu chenyewe, anaona havifanani, na wengi hapo hapo wanajitangaza kwamba hawajui kuchora, wanabaki hivyo mpaka uzeeni. Sasa wewe, wakati anajitilia shaka, unampa ushahidi kwa raba.

Tena ni katuni! Katuni yenyewe ni kutia chumvi. Kipanya, yule panya wa katuni za Masoud, hana uwiano wa panya hata chembe na nchi nzima inamsoma. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na kitu, wa katuni mpe vitatu na ataendesha hata treni. Yule chalii aliyechora konda mkubwa kuliko gari ndiye alikuwa mchora katuni pale ndani, mimi nilikuwa fundi wa kupaka rangi ukuta.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, sina ya pili: kalamu yako isiguse karatasi ya mtoto. Ukitaka kumwonyesha kitu, chora kwenye karatasi yako au ubaoni, waone, halafu ufute kabla hawajaanza. Ukiiacha, utapata nakala 18 za mchoro wako.

Mfano, nyusi. Chora duara, nukta mbili za macho, mdomo mstari ulionyooka. Weka nyusi zinazoshuka kuelekea puani: kakasirika. Futa, zigeuze zipande katikati: anaomba msamaha. Macho yale yale, mdomo ule ule. Watoto watapiga kelele. Futa kila kitu, waambie kila mmoja achore mtu wa nyumbani kwao aliyekosa Hiace ya asubuhi. Nilipofanya hivyo, mmoja alichora bibi ana nyusi tatu. Nilimuuliza tu ya tatu ni ya nini. Akasema hiyo ni hasira ya akiba. Hebu niambie ungeifuta.

Na kwa kuwa uko Moshi, una mlima wa mita 5,895 unaochungulia kila dirisha. Utaletewa Kibo kama koni ya askirimu, jua linacheka pembeni, Mawenzi hayupo. Mwache asiwepo.

Penseli: HB za kawaida zinatosha, ongeza 2B chache, zile laini na nyeusi zaidi, za kukolezea. Karatasi kaombe steshenari zile walizokosea kuchapa, upande wa pili mweupe, wanakupa bure ukiwa na salamu nzuri. Mchoraji Tingatinga alianza na vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli na mpaka leo watalii wanabeba mtindo wake, kwa hiyo usiuze kuku kwa ajili ya penseli za rangi za Ujerumani. Raba nunua moja, kaa nayo mfukoni.

Ada nimeshakutajia yangu. Ya kibali nawaachia wadau wa huko juu.

Maonyesho fanya, ila bandika michoro kama ilivyo, kwa pini, bila fremu, na kila mtoto asimame kwenye mchoro wake aeleze mwenyewe. Mwaka uliofuata nilifanya hivyo chini ya mwembe, gharama ilikuwa maandazi tu.

Yule chalii sasa ana miaka kumi na moja na bado anakuja. Baba yake bado yuko njia ya Sakina. Kila nikipanda gari lake ananing'inia mlangoni, noti katikati ya vidole, anapaza sauti gari zima lisikie: "Mwalimu, leo unaniona?"