Kupanda Lushoto kwa baiskeli: ushauri kwa waliozoea lami ya Tanga

Ukizoea kuendesha Raskazone, Chumbageni, na siku za mapumziko ukaenda Muheza na kurudi, unaweza kujiona umeiva. Kwa mwendo huo umeiva kweli. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni somo jingine. Ni kama kilomita 33 za lami, zinaanzia uwandani kwenye mita mia nne na kidogo juu ya usawa wa bahari na kumalizikia kwenye mita 1,400 hivi. Ukigawa unapata mwinuko wa asilimia tatu, na hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wageni, kwa sababu mwinuko haukugawanywa sawasawa: sehemu kubwa inakuwa imeshakwisha ukifika Soni, na kona za kipande hicho zimebana. Tena, karibu kila kinachoharibika mlimani huwa kimeshaharibika Tanga, ila tambarare imekificha. Kwa hiyo kazi inaanzia nyumbani.

Anza na gia. Mjini mtu anatumia gia tatu nne za katikati mwaka mzima, na ile sproketi kubwa kabisa ya nyuma, yaani gia nyepesi kuliko zote, haiguswi. Mkono wa gia, ule unaoning'inia nyuma na kuhamisha cheni, hupinda kirahisi baiskeli ikiangukia upande wa cheni au ikibanwa na mizigo kwenye buti la basi. Ukipinda kidogo tu, hutajua mpaka siku utakapoihitaji gia hiyo, na siku hiyo mkono utaingia kwenye spoki na kukatika huku unapanda. Jaribu hivi: ninginiza gurudumu la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono, peleka cheni kwenye sproketi kubwa kuliko zote, kisha usukume mkono wa gia kwa kidole kuelekea ndani. Ukisogea mpaka kugusa spoki, kaza skrubu yenye alama ya L iliyo kwenye mkono huo, robo mzunguko kila mara, mpaka mkono ukome chini ya sproketi hiyo na usiende zaidi. Halafu simama nyuma ya baiskeli utazame: mkono uwe sambamba na gurudumu. Ukiwa umepinda usiunyooshe kwa koleo. Kipande kinachoushikilia mara nyingi ni cha aluminiamu laini, kikinyooshwa ovyo kinakatika. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kukipimia.

Sasa ukubwa wa gia zenyewe. Baiskeli nyingi za mashindano zinazouzwa zikiwa zimetumika zina meno 39 kwenye sproketi ndogo ya mbele na 25 kwenye kubwa ya nyuma. Kila mzunguko mmoja wa pedeli hukusogeza mita 3.3 hivi. Ukiweka 34 mbele na 34 nyuma, unasogea mita 2.1. Kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa, ambao ni mwendo wa heshima kabisa kwa anayeanza, gia ya 39 na 25 inakulazimisha kukanyaga mizunguko kama 45 kwa dakika, ya 34 na 34 kama 70. Mizunguko 45 ni kusukuma kwa magoti, na magoti hayo ndiyo utakayoyalalamikia wiki nzima. Kubadilisha sproketi si kununua meno tu, lakini: mikono mifupi ya gia haibebi sproketi ya meno 34, na cheni ya zamani huwa fupi. Muulize fundi kabla hujalipa.

Breki zinastahili muda kuliko chochote, maana ulichopanda lazima ukishuke. Chumvi ya bahari hula waya wa breki ndani ya ganda lake, mahali usipopaona. Vuta breki kisha uachie: kama raba zinarudi polepole, au unahisi mkwaruzo, badilisha waya na ganda vyote viwili, kupaka oili hakutoshi. Ukivuta kwa nguvu zako zote, kati ya kishikio cha breki na usukani ubaki upana wa vidole viwili. Angalia raba inapogusa: iwe juu ya rimu tupu, milimita moja chini ya ukingo. Raba inayogusa tairi mjini haina kishindo, lakini kwenye mteremko mrefu inakata ubavu wa tairi mpaka tyubu inapasuka.

Tairi za milimita 28 zinafaa kuliko 25, fremu ikizikubali. Mtu wa kilo 70 ajaze upepo kati ya psi (kipimo cha kwenye pampu) 65 na 75, nyuma zaidi ya mbele kidogo. Wengi hujaza mpaka tairi iwe jiwe. Matokeo yake gurudumu linarukaruka kwenye viraka vya lami na kupoteza mshiko konani. Beba tyubu mbili, viraka, pampu na spana za L. Koti jepesi la upepo ni lazima, kwa sababu Juni hadi Agosti Lushoto kuna baridi na ukungu, na vidole vilivyokufa ganzi havivuti breki.

Kutoka Tanga panda basi hadi Mombo. Barabara kuu ina malori mengi ya masafa, na kuyapitia kwa kilomita nyingi kabla ya mlima ni kujichosha bure. Vua gurudumu la mbele, laza baiskeli upande wa cheni ukiwa juu, na mwambie utingo asiweke kitu juu yake. Lala Mombo, uanze kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla joto la Mombo halijapamba moto.

Dakika ishirini za kwanza zitakudanganya kwamba una nguvu nyingi. Kipimo ni mdomo: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, punguza. Badilisha gia kabla mwinuko haujakaza, na uilegeze miguu wakati cheni inahama. Cheni inayohamishwa huku imekazwa kutoka sproketi kubwa ya mbele kwenda ndogo mara nyingi inaangukia ndani. Kaa kwenye kiti. Ukitaka kusimama kunyoosha mgongo, ongeza uzito wa gia moja kwanza, kanyaga mara kumi au kumi na tano, kaa tena. Kunywa mililita 500 hadi 750 kila saa, na kila saa kula ndizi mbili ukianza mapema, kabla ya njaa. Chumvi kidogo kwenye chupa moja inasaidia. Soni utapata maji na matunda, na maporomoko yanaonekana ukiwa barabarani, basi pumzika hapo.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80, mita elfu moja za mteremko huachia kilojuli karibu 785, joto la kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji baridi. Ukishika breki kidogo kidogo njia nzima, sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye rimu, na tyubu inaweza kupasuka. Kwa hiyo inua kifua upepo ukupunguze mwendo, shika breki zote mbili kwa nguvu sekunde mbili tatu kabla ya kona ukiwa bado umenyooka, kisha achia. Ndani ya kona usivute. Simama Soni; kama rimu inaunguza kidole, subiri dakika kumi na usiimwagie maji. Rimu za kaboni zenye breki za raba mimi sizishauri kabisa kwenye mteremko huu.

Tunapita kushoto, hivyo kona ya kulia inakuvuta kuelekea katikati, na katikati ndipo basi au fuso linapotanua likipanda. Tazama kule kona inakoishia, usitazame mtaro. Ukisikia honi usiyoona inatoka wapi, bana kushoto mara moja. Masika, Machi hadi Mei, matope na mawe huporomokea barabarani, na raba zilizolowa zinahitaji mizunguko kadhaa ya gurudumu kufuta maji kabla hazijashika, mgeni aahirishe. Karibu na nyumba punguza mwendo, wenyeji wanatembea barabarani na mizigo kichwani.

Ukifika Mombo, kabla ya kupakia, geuza raba za breki uzitazame. Utaona vipande vidogo vya aluminiamu vimejichomeka. Vitoe kwa sindano siku hiyohiyo, maana vikibaki vitaichora rimu kila unaposhika breki.