Kabla ya Kulipia Hoteli ya Spa Saint-Émilion, Uliza Saa ya Bwawa

Nilipolala siku mbili katika hoteli ndogo ya spa huko Saint-Émilion, kijiji cha mizabibu kilichopo kilomita zipatazo 40 mashariki ya mji wa Bordeaux, Ufaransa, nilidhani kwamba aliyelipia chumba amekwisha kulipia na maji ya moto. Hoteli za aina hii ni nyumba za mawe za zamani zilizokarabatiwa, vyumba vyake vichache, na bwawa la spa huwa dogo kiasi kwamba wageni huingia kwa zamu. Mimi nilifika Jumapili jioni, na binti wa mapokezi akanieleza kwa upole mkubwa kwamba zamu pekee iliyobaki ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, siku ambayo saa sita mchana nilitakiwa kurudisha ufunguo.

Kwa hiyo siku ile ile unapoweka nafasi ya chumba, waandikie uweke pia saa ya bwawa na ya kukandwa, na usitulie mpaka wakujibu kwa maandishi. Uliza kama bwawa limo ndani ya bei. Kifungua kinywa mara nyingi hakimo, wala kodi ya mgeni, ambayo huhesabiwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku.

Treni kutoka stesheni ya Saint-Jean mjini Bordeaux hufika kwa muda usiozidi saa moja, lakini inakushusha bondeni katikati ya mizabibu, na kutoka hapo ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja kwa miguu. Vichochoro vya kijiji, vinavyoitwa tertres, ni vya mteremko mkali na vimesakafiwa kwa mawe yasiyo sawa. Gurudumu moja la sanduku langu lilibaki huko. Beba mkoba wa mgongoni.

Usifike Jumapili kama mimi. Jumapili usiku na Jumatatu migahawa mingi hufungwa, na hata siku nyingine jiko likifungwa saa nane mchana usitarajie chakula cha moto kabla ya saa moja jioni. Chakula changu cha usiku wa kwanza kilikuwa boksi la macarons za kijijini, yaani biskuti laini za lozi zinazosifiwa kuwa urithi wa watawa wa kike.

Mimi sinywi mvinyo, na hakuna aliyenishangaa. Hata wanaoonja wengi hutema kwenye ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Ukinywa, tangulia spa kwanza, kwani pombe na chumba cha mvuke havipatani na mtu huweza kuzirai. Jumatatu yangu niliitumia katika kanisa lililochongwa ndani ya mwamba wa chokaa, ambalo huingiwi bila kiongozi wa watalii, na kuzunguka mashamba ambayo, pamoja na kijiji chenyewe, UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1999.

Jumanne ikafika. Baada ya bwawa nilisuguliwa kwa mbegu za zabibu zilizosagwa na kuchanganywa na mafuta, na pale pale nikakumbuka singo ya kwetu Tanga, kwa kuwa chembe zilikwaruza vile vile ingawa harufu haikuwa ya karafuu wala liwa. Nilitoka na ngozi nyororo, na nusu saa tu ya kufunga sanduku la gurudumu moja.