Nyatiti ndani ya laptopu: mbona msumeno na filta havitoshi?

SWALI: Habari yako mwalimu. Natengeneza biti hapa Kayole. Nataka kuunda sauti ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwenye sintesaiza kuanzia mwanzo, bila sampuli. Nimechukua wimbi la msumeno, nikalipitisha kwenye filta inayojifunga taratibu, lakini bado nasikia kinanda tu. Nifanye nini?

JIBU: Salama kabisa, ndugu yangu. Filta yako haina shida. Njia ya kuchukua wimbi zito na kulipunguza inafaa sana kwa besi, na mimi huitumia kila siku hapa River Road. Kwa uzi, haifiki mbali. Msumeno hurudia umbo lilelile kila mzunguko. Uzi ukivutwa na kuachiliwa huanza na fujo fupi, kisha sauti ndogo zilizo juu ya noti huzimika kila moja kwa wakati wake, za juu zikitangulia.

Tumia njia ambayo Kevin Karplus na Alex Strong waliichapisha mwaka 1983. Unarusha noizi (mlio wa "shhh") fupi mno ndani ya dilei, yaani kichelewesha sauti, kisha kinachotoka unakirudisha ndani tena na tena kupitia filta laini. Muda wa dilei ndio noti yenyewe: ukitaka hezi 220, gawanya milisekunde 1,000 kwa 220, upate takriban 4.5. Kila mzunguko hupunguza kidogo ukali wa juu. Noti ya juu huzunguka mara nyingi zaidi kwa sekunde, kwa hiyo huzimika mapema kuliko ya chini, jinsi uzi wa kweli unavyofanya. Na kwa kuwa noizi ni mpya kila mara, hakuna mapigo mawili ya noti yanayofanana. Hilo ndilo linaloipa uhai, na hakuna filta itakayokupa.

Huhitaji kununua chochote. Sintesaiza ya kompyuta iitwayo Surge XT ni ya bure, na ina osileta (kitoa wimbi) iitwayo String inayofanya kazi hii. Anza na muda mfupi wa kuzimika, kwa sababu wengi huuacha mrefu na noti zikapandana. Kisha ongeza envelopu ya pichi: noti ianze juu kidogo, senti 15 hivi (senti 100 ni nusu-toni moja), ishuke ndani ya milisekunde 30. Mwishoni inua kidogo masafa ya kati ya chini kwa ikwalaiza, maana nyuzi zile 8 zinatetemesha bakuli la mbao lililowambwa ngozi.

Bado kuna mguu, na tafadhali usiusahau. Mpigaji huvaa oduong'o, pete ya chuma, kidoleni mguuni na kuigonga kwenye ala. Sauti ya chuma itafute kwa FM (si ya redio), njia ya kuunda sauti aliyoigundua John Chowning pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967 na ambayo sintesaiza ya Yamaha DX7 iliisambaza kuanzia 1983. Osileta moja hutikisa pichi ya nyingine. Uwiano wa namba kamili, kama 1 kwa 2, hutoa sauti yenye noti safi. 1 kwa 1.4 hutoa mlio wa chuma. Kiasi cha mtikiso kishuke haraka kuliko sauti yenyewe, na mlio wote uishe kabla ya milisekunde 100.

Mwangwi uzime hadi hapo. Ukiuwasha mapema, utaficha kasoro ambazo ungezirekebisha kwenye osileta.