Shemeji yumo kwenye zabuni: maswali yenu kuhusu mgongano wa maslahi

Niko kwenye kamati ya zabuni na shemeji yangu ameomba kazi. Sijamsaidia kwa lolote, na bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. Nikitangaza undugu wetu, si inatosha?

Haitoshi. Ukishatangaza, inuka utoke chumbani, na kumbukumbu za kikao zionyeshe saa uliyotoka na saa uliyorudi. Wengi hutangaza kisha hubaki kitini "kusikiliza tu". Sasa mfikirie mjumbe anayejua kwamba kazi ya mwisho ya shemeji yako ilikuwa ya ovyo. Atalisema hilo huku umemkalia mkabala, unachezea kalamu? Na kama kweli bei yake ndiyo nafuu, atashinda hata usipokuwepo. Ukibaki, ushindi wake wa halali utasemwa miaka yote.

Kwa nini mtu asumbuliwe kwa "kuonekana" vibaya ilhali hajatenda kosa?

Kesi inayotajwa kuliko zote katika jambo hili ilimhusu karani wa mahakama ambaye hakutenda kosa. Huko Sussex, Uingereza, mwendesha pikipiki aitwaye McCarthy alishtakiwa kwa kuendesha kwa hatari baada ya kugongana na chombo kingine. Mahakimu walipokwenda faragha kushauriana, karani wao wa siku hiyo aliwafuata, kama ilivyokuwa kawaida. Kumbe karani huyo alikuwa wa ofisi ya mawakili iliyokuwa ikimdai McCarthy fidia, kwa niaba ya mteja wake, kwa ajali ile ile! Mahakimu walieleza kwamba hawakumuuliza kitu, naye hakufungua mdomo.

Jaji Mkuu Hewart hakulitilia shaka hilo. Hata hivyo, mwaka 1923 alifuta hukumu, akisema haina budi haki itendeke na pia ionekane waziwazi kuwa imetendeka. McCarthy angejuaje kilichosemwa nyuma ya mlango uliofungwa?

Tazama pia kilichofutwa. Ni uamuzi, karani hakuitwa mla rushwa. Waheshimiwa wengi wakiombwa wajitoe hununa kana kwamba wameitwa wezi, na ndipo jambo dogo linapogeuka ugomvi wa miezi.

Mimi sina hisa popote, najitolea tu kwenye shirika la hisani. Hapo maslahi yako wapi?

Maslahi si fedha peke yake. Novemba 1998 majaji watano wa Baraza la Malordi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, waliamua, watatu kwa wawili, kwamba Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa Chile, hana kinga ya kukwepa kukamatwa. Mmoja wa wale watatu, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi asiyelipwa wa tawi la hisani la Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, na Amnesty yenyewe ilikuwa imeruhusiwa kutoa hoja katika kesi hiyo. Hakulitangaza hilo mbele ya pande zote. Uamuzi ukatenguliwa, na kesi ikasikilizwa upya mwaka 1999 na majaji saba wengine. Sentensi moja mwanzoni mwa kesi ingeokoa yote hayo.

Kalenda na kalamu za mwisho wa mwaka nazo ni rushwa?

Kalenda pokea. Serikali ya shirikisho ya Marekani huwaruhusu watumishi wake kupokea zawadi isiyozidi dola 20 kwa mara moja, na isizidi dola 50 kwa mwaka kutoka kwa mtoaji mmoja. Fedha taslimu hazimo. Panapo daftari la zawadi, andika. Zawadi ikiletwa nyumbani usiku, irudishe asubuhi, tena mbele ya shahidi.

Wapinzani wangu wanapiga kelele ya "mgongano wa maslahi" kwa kila ninachofanya. Nijitoe kila mara?

La. Mahakama za Uingereza, tangu kesi ya Porter dhidi ya Magill ya mwaka 2001, huuliza kama mtu wa haki anayezijua habari zote angeona upo uwezekano wa kweli wa upendeleo. Anayezijua habari zote, si kila mwenye simu na hasira. Kusoma darasa moja na wakili miaka 30 iliyopita peke yake hakutoshi; kumdai fedha kunatosha kabisa. Na jaji anayejitoa kwa kila kelele huwapa wenye kesi nafasi ya kujichagulia wanayemtaka. Wajibu kwa maandishi, eleza uhusiano ulivyo na kwa nini hauhusiani na uamuzi, jalada liwe na nakala, kisha endelea na kikao.